Patterson na Simba wa Tsavo

Nilipokuwa mdogo, kila gari la moshi lilipokaribia daraja la Tsavo usiku, babu yangu alikuwa akifunga dirisha na kuvuta uradi. Nikidhani ni uzee tu. Baadaye ndipo nilipozipata habari za John Henry Patterson.

Mtu huyu, mzaliwa wa Ireland mwaka 1867, alifika Mombasa Machi 1898, akapelekwa Tsavo kujenga daraja la reli. Hakukaa sana, vibarua wakaanza kupotea usiku. Simba wawili, madume wote, wasio na manyoya marefu shingoni kama walivyo wengi wa nyika ile ya joto na miba, walipenya ua wa miba na kumkokota mtu kutoka hemani mwake.

Simba kwa desturi humwepuka mwanadamu; mawindo yake ni punda milia na nyati. Lakini sotoka ilikuwa imewafyeka nyati miaka michache nyuma, na mmoja wa simba wale alikuwa na chonge lililovunjika, lenye usaha mzizini. Aliyewahi kuumwa na jino atafahamu kwa nini huenda alitafuta nyama laini.

Patterson alikesha juu ya dungu, usiku baada ya usiku. Desemba, mamia ya vibarua walijilaza relini, wakalisimamisha gari na kurudi pwani. Kazi ikasimama wiki tatu. Simba wa kwanza alimwua tarehe 9 mwezi huo, wa pili tarehe 29. Vibarua wakamtunza bakuli la fedha, na mmoja wao, Roshan, akamtungia shairi refu la Kihindustani.

Sasa, msomaji wangu, tuje kwenye hesabu. Katika kitabu chake cha 1907 Patterson alitaja Wahindi 28 walioliwa, na Waafrika wengi ambao hakuna aliyewaandika. Baadaye akasema jumla ni 135. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba wale walikadiria, mwaka 2009, watu kama 35. Mimi hesabu hizo hazinitulizi. Mhindi aliandikwa kwa kuwa alikuwa na mkataba. Kijana wetu alipotea bila jina, bila kafani, bila sala ya jeneza.

Ngozi za simba Patterson alizifanya mazulia, na mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Chicago kwa dola 5,000. Mwenyewe alifariki California mwaka 1947. Simba wangali huko, ndani ya kioo.

Nasikitika sikumwuliza babu alikuwa akiwaombea kina nani.