George Calvert, Mwanzilishi wa Maryland, na Imani ya Ukoo Wake

Kila tarehe 17 Desemba Kanisa hutusomea nasaba ya Bwana wetu Yesu Kristo kadiri ya Injili ya Mathayo, na wengi wetu, tukiri, huyasikiliza majina yale kwa subira tu. Lakini nyuma ya orodha ya mababa na wana huwa yamefichika mengi: nani aliishika imani, nani alilegea, na nani alilipa gharama. Leo tunaifuatilia nasaba ya George Calvert, Mwingereza aliyeasisi koloni la Maryland katika nchi ambayo sasa ni Marekani.

Alizaliwa yapata mwaka 1580 huko Kiplin, katika jimbo la Yorkshire. Baba yake aliitwa Leonard, na mama yake Alicia Crossland. Zilikuwa enzi za Malkia Elizabeth I, ambapo Mkatoliki aliyekosa ibada za Kanisa la Uingereza alitozwa faini, na padre aliyekamatwa aliweza kuuawa. Nyumba ya akina Calvert iliipenda imani ya zamani, na wakubwa wa Yorkshire walilijua hilo. Mwaka 1592, George akiwa na umri wa miaka 12 hivi, walimbana baba yake. Aliamriwa kuweka nyumbani vitabu vya sala vya Kiprotestanti, kutowaajiri watumishi Wakatoliki, na kuwakabidhi wanawe kwa mwalimu Mprotestanti. Leonard alikubali. Hatuoni sababu ya kumhukumu upesi. Mzazi aliyewekewa kisu shingoni si sawa na mzazi asiyejali.

Kijana George alisoma Oxford, akawa katibu wa Robert Cecil, waziri mwenye nguvu kuliko wote, na mwanawe wa kwanza akampa jina la Cecil kwa heshima ya bwana huyo. Mwaka 1619 Mfalme James I alimfanya mmoja wa makatibu wake wakuu wa mambo ya dola. Alikuwa na kila kitu ambacho baba yake aliinamisha kichwa ili wanawe wakipate.

Kisha akakiacha. Mkewe Anne Mynne, mama wa watoto wake wengi, alifariki mwaka 1622. Mapema mwaka 1625 George alitangaza kwamba yu Mkatoliki na kujiuzulu wadhifa wake, kwa kuwa asingeweza tena kuapa kiapo kilichomtambua mfalme kuwa mwenye mamlaka ya juu katika Kanisa. Mfalme hakumfukuza kwa aibu, bali alimpa cheo cha Baroni Baltimore katika Ireland. Ndivyo jina la Baltimore lilivyoingia katika ukoo huu, na baadaye katika jimbo kuu la kwanza la Kikatoliki nchini Marekani.

Tayari alikuwa na koloni dogo huko Ferryland, kisiwani Newfoundland. Mwaka 1628 alihamia huko na sehemu ya familia yake. Mapadre waliadhimisha Misa, na Waprotestanti nao walikuwa na ibada yao chini ya paa lile lile, jambo lililomkasirisha mchungaji mmoja hata akaenda kushtaki Uingereza. Lakini lililomshinda Calvert lilikuwa baridi. Katika watu wapatao 100, nusu waliugua na tisa au kumi wakafa. Nyumba yake ikageuka hospitali. Mwaka 1629 alielekea kusini hadi Virginia, akatakiwa kula kile kiapo alichokikataa mwaka 1625. Alikataa tena, akaondoka.

Alifariki London tarehe 15 Aprili 1632. Hati ya kifalme ya Maryland ilitiwa muhuri tarehe 20 Juni mwaka huo huo, kwa jina la mwanawe Cecil. Kodi yake kwa mfalme ilikuwa mishale miwili ya wenyeji kila mwaka, pamoja na sehemu ya tano ya dhahabu na fedha ambayo ingepatikana.

Cecil hakuwahi kukanyaga Maryland. Alibaki Uingereza kuilinda hati dhidi ya maadui. Alimtuma mdogo wake, Leonard, aliyebeba jina la babu yao. Takriban watu 140 walisafiri kwa merikebu mbili, Ark na Dove, wengi wao wakiwa Waprotestanti. Tarehe 25 Machi 1634, Sherehe ya Kupashwa Habari, Padre Andrew White wa Shirika la Yesu aliadhimisha Misa katika Kisiwa cha Mtakatifu Klementi. Leonard alipata ardhi kwa Wayaocomico kwa kubadilishana na nguo, mashoka na majembe, akaongoza koloni hadi kifo chake mwaka 1647. Miaka miwili baadaye Baraza la koloni lilipitisha sheria iliyokataza Mkristo yeyote kusumbuliwa kwa ajili ya imani yake. Wasiomkiri Kristo haikuwahusu, na waliokana Utatu Mtakatifu iliwatishia kifo.

Hapa tusinyamaze juu ya jambo moja. Mjukuu wa George, Charles, mwana wa Cecil, ndiye aliyekuwa gavana wakati Baraza lilipotunga sheria ya mwaka 1664 iliyowafanya Waafrika watumwa maisha yao yote, na watoto wao baada yao. Ukoo uliojua uchungu wa mtoto kunyang'anywa urithi wake uliwaandikia watoto wa wengine urithi wa minyororo.

Mwaka 1689 Waprotestanti waliasi, na utawala wa koloni ukaingia mikononi mwa mfalme. Mwaka 1704 kanisa la matofali katika mji wa St. Mary's lilifungwa kwa amri ya gavana. Charles alizeeka Uingereza akiwa Mkatoliki, bila mamlaka juu ya koloni lake. Mwanawe Benedict Leonard, kitukuu cha George, aliamua mwaka 1713 kujiunga na Kanisa la Uingereza. Baba alimkatia posho. Benedict aliwatoa wanawe katika shule za Kikatoliki ng'ambo ya bahari na kuwaweka katika za Kiprotestanti. Yaliyotendeka Kiplin mwaka 1592 kwa amri, sasa yalitendeka kwa hiari. Mzee Charles alifariki Februari 1715. Benedict alifaidi urithi kwa muda usiotimia miezi miwili, akafariki Aprili. Koloni lilirudishwa kwa mwanawe kijana, Mprotestanti. Baroni wa sita, Frederick, alifariki mwaka 1771 bila mtoto wa ndoa, na cheo kikakoma.

Lile kanisa lililofungwa lilibomolewa, na mahali pake pakawa shamba. Mwaka 1990 wachimbaji walikuta chini ya ardhi hiyo majeneza matatu ya madini ya risasi: la mwanamume, la mwanamke na la mtoto mchanga. Wataalamu walimtambua mwanamume huyo kuwa Philip Calvert, mwana wa George kwa mke wake wa pili. Kanisa limejengwa upya juu ya msingi ule ule.