Alfred Nobel: Bingwa wa Baruti Aliyeshindwa na Neno Moja

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii tumezoea kuwasomea wanafunzi tunapowaonya dhidi ya matusi na umbeya. Aghalabu hatuwaelezi kwamba inamhusu pia mwanasayansi aliyeketi katika maabara yake, kalamu mkononi, akieleza kile alichokivumbua. Maisha ya Alfred Nobel ni ushahidi tosha. Jina lake hutajwa kila mwaka tuzo zinapotangazwa, na sisi wa Afrika Mashariki tumelitaja kwa fahari tangu Wangari Maathai alipotunukiwa ile ya amani mwaka wa 2004, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ile ya fasihi mwaka wa 2021. Wengi wanajua kwamba Nobel alivumbua dinamiti. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia miongoni mwa waliotuletea baruti isiyo na moshi, ile inayotiwa ndani ya risasi za bunduki, na kwamba haki ya uvumbuzi huo ilimponyoka mahakamani kwa ajili ya neno moja.

Alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 21 Oktoba 1833. Baba yake, Immanuel, alikuwa mhandisi aliyepata na kupoteza mali zaidi ya mara moja. Mwaka wa 1842 jamaa hiyo ilihamia St Petersburg, Urusi, ambako baba alikuwa akiunda mabomu ya baharini kwa ajili ya jeshi la mfalme. Alfred hakupitia chuo kikuu wala hakupata shahada kwa masomo. Alifundishwa nyumbani na walimu binafsi, na kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa amezimudu lugha 5: Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Alipenda ushairi sawa na alivyopenda kemia. Naam, huyu hakuwa mtu mgeni katika uwanja wa maneno.

Vita vya Krimea vilipokwisha mwaka wa 1856, biashara ya baba ilififia na hatimaye ikafilisika. Alfred akaelekeza juhudi zake kwenye nitrogliserini, mafuta ambayo Mwitalia Ascanio Sobrero alikuwa ameyavumbua mwaka wa 1847, na ambayo yalilipuka kwa kutikiswa tu. Tarehe 3 Septemba 1864 kiwanda chao kidogo jijini Stockholm kililipuka na kuwaua watu kadhaa, akiwemo mdogo wake, Emil, kijana wa miaka 20. Alfred hakuacha. Mwaka wa 1867 alisajili dinamiti, yaani nitrogliserini iliyonyweshwa katika udongo mwepesi ili isilipuke ovyo. Migodi na njia za reli za dunia nzima zikaitaka, naye akawa tajiri.

Hapa yafaa tutue kidogo tuizungumzie baruti yenyewe. Neno hili tulilipokea kutoka Mashariki kwa njia ya Kiarabu, na kwa karne nyingi lilimaanisha kitu kimoja tu: mchanganyiko mweusi wa shura sehemu 75, makaa sehemu 15 na kiberiti sehemu 10 katika kila 100. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi mzito na masizi. Nguvu yake ilikuwa na mpaka, na kwa sababu hiyo wawindaji wa tembo wa karne ya 19 walilazimika kubeba bunduki nene na nzito ajabu, ambazo teke lake liliweza kumwangusha mpigaji. Baada ya kufyatua, walisubiri moshi utawanyike ili wajue kama mnyama ameanguka au anawajia.

Mfaransa Paul Vieille ndiye aliyeanza kuyabadilisha hayo mwaka wa 1884, alipotengeneza baruti kwa nitroselulosi, yaani pamba iliyochovywa katika asidi. Mwaka wa 1887 Nobel, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Paris, alivuka hatua nyingine. Alichukua nitrogliserini na nitroselulosi kwa vipimo vilivyo sawa, akatia kafuri kidogo, na akapata kitu kigumu kiitwacho balistiti. Ajabu yake ni kwamba vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hulipuka kwa ghadhabu, vikichanganyika hivyo huungua kwa utaratibu, tabaka baada ya tabaka, kuanzia nje kuelekea ndani. Ukiongeza unene wa punje, uunguaji huchukua muda mrefu zaidi. Ukipunguza, huwa wa haraka.

Katika hilo ndimo ulimo msingi wa kuchagua baruti ya bunduki hadi leo. Bunduki ya magnum ina kasha kubwa la kutilia baruti na aghalabu hurusha risasi nzito. Yataka baruti ya polepole inayoisukuma risasi katika urefu wote wa mtutu. Ukiijaza ile ya haraka iliyokusudiwa bastola, shinikizo hupanda ghafla kabla risasi haijasogea, na bunduki hupasuka usoni mwa mwenyewe. Kwa macho, baruti hizo hufanana. Kinachomwokoa mtu anayejijazia risasi zake ni maandishi yaliyo juu ya mkebe. Marekani, kwa mfano, zimeuzwa baruti mbili zenye nambari moja, 4831, zinazotofautishwa na herufi zinazotangulia tu. Moja ni ya haraka kuliko nyenzake, na vipimo vya hii havifai kwa ile. Asiyezijali herufi hizo anacheza na roho yake.

Nobel aliujua moto huu wote, lakini hakuusalimika ule wa maneno. Serikali ya Italia ilipoinunua balistiti, Wafaransa walimshutumu kwa ujasusi na kumfungia maabara, naye akahamia San Remo, Italia, mwaka wa 1891. Waingereza nao walikuwa wameunda kamati ya baruti mwaka wa 1888, wakiwemo wanakemia Frederick Abel na James Dewar. Nobel aliwaamini, akawapa maelezo ya kazi yake. Mwaka uliofuata wakasajili baruti yao wenyewe, kodaiti: nitrogliserini 58, pamba ya baruti 37 na vaselini 5 katika kila 100, vyote vikilainishwa kwa asetoni na kukamuliwa kuwa nyuzi.

Kampuni iliyobeba jina la Nobel ilishtaki. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa mwaka wa 1894, na mwaka wa 1895 ikamalizikia katika Baraza la Malodi. Kiini chake kilikuwa hiki. Katika hataza yake ya Uingereza, Nobel alikuwa ameitaja nitroselulosi kuwa ya ile aina inayojulikana, inayoyeyuka. Abel na Dewar walitumia aina isiyoyeyuka katika etha na alkoholi. Kikemia, tofauti ya aina hizo ni ya kiwango cha nitrojeni iliyomo, tena ni ndogo. Kisheria, ilikuwa bahari nzima. Kila mwalimu wa sarufi analifahamu swali lililozuka: je, sifa iliyoambatana na nomino hueleza tu, au huweka mpaka? Nikisema pamba inayoyeyuka, ninakueleza tabia ya pamba, au ninaitenga na pamba nyingine zote? Majaji walisema ni mpaka, na yaliyo nje ya mpaka hayakuwa mali ya Nobel. Jaji mmoja wa rufaa alimwonea huruma, akakumbusha kwamba kibeti aliyepandishwa mabegani mwa jitu huona mbali kuliko jitu lenyewe. Huruma hiyo haikuibadilisha hukumu.

Kodaiti ikatapakaa katika milki yote ya Uingereza. Mwaka wa 1898 John Rigby wa London alitoa risasi ya tembo iliyoitumia, na mwaka wa 1912 Holland & Holland wakatoa ile ya .375 Magnum, ambayo kasha lake refu lilijazwa nyuzi hizo hizo. Bunduki za namna hiyo ndizo zilizotumiwa na wawindaji wa kigeni katika nyika zetu, hadi Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Hapa kwenye joto kodaiti ilidhihirisha ila yake: shinikizo lilizidi, maganda yakakwama, na watengenezaji wakalazimika kupunguza kipimo cha risasi za nchi za tropiki.

Nobel mwenyewe hakuyaona hayo. Alilipiza kisasi kwa kalamu, akaanza mchezo wa kejeli kuhusu hataza ambao hakuumaliza. Tarehe 27 Novemba 1895, mwaka ule ule wa hukumu, alitia saini wasia alioutunga mwenyewe kwa Kiswidi pasipo wakili. Alifariki San Remo tarehe 10 Desemba 1896, hana mke wala mtoto. Wasia ulipofunguliwa, maneno yalimponza tena. Zaidi ya krona milioni 31 zilikusudiwa tuzo, lakini hakutaja ni chombo gani kitakachozipokea, kwa kuwa chombo hicho hakikuwapo. Baadhi ya jamaa zake waliupinga. Msaidizi wake kijana, Ragnar Sohlman, alizibeba hati za mali jijini Paris kwa gari la farasi, bastola mkononi, kabla hazijazuiliwa. Tuzo za kwanza zilitolewa mwaka wa 1901 tu. Hata hapo, neno moja la wasia lililoitaka fasihi iwe na mwelekeo wa kimaadili bora, kama wasomaji wake wa mwanzo walivyolifasiri, lilisaidia kumweka kando Tolstoy, aliyefariki mwaka wa 1910 bila kuipata.

Wanafunzi wetu wa sayansi hupenda kuuliza lugha itawafaa nini, na baadhi yetu walimu huwaitikia kwa kunyamaza. Tuwasimulie habari za mtu huyu. Alikuwa na hataza 355 na lugha 5, naye aliweza kuifuga nitrogliserini iliyomuua ndugu yake. Kivumishi kimoja alichokiandika bila kukipima kilimshinda. Mwanafunzi anayeeleza jaribio lake kwa Kiswahili au kwa Kiingereza naye hushika mkebe usioonyesha kilichomo ila kwa maandishi; na ni wajibu wetu kumfundisha kuyaandika na kuyasoma sawasawa kabla hajawasha moto.