Lord Rayleigh: Bwanyenye aliyepima njia ya sauti

NAHODHA aliyenaswa na ukungu karibu na pwani ya Uingereza katika karne ya 19 hakuwa na taa ya kumwokoa. Mwanga wa mnara ulimezwa kabla ya kumfikia, na tegemeo lake la pekee likawa mlio wa baragumu lililopulizwa kutoka ufuoni.

Mlio huo nao haukuwafikia wote kwa usawa. Meli iliyokuwa mkabala na baragumu iliweza kuusikia vyema, huku ile iliyokuwa pembeni, ikielekea mwambani, ikiusikia kwa shida.

Aliyelifanyia jambo hilo hesabu za kina ni John William Strutt, almaarufu Lord Rayleigh, bwanyenye wa mashamba aliyefanyia utafiti wake mwingi katika maabara ya nyumbani kwake.

Strutt alizaliwa Novemba 12, 1842 karibu na mji wa Maldon, jimbo la Essex. Alikuwa mtoto wa afya dhaifu, na maradhi yalimkatizia masomo zaidi ya mara moja. Hata hivyo, baada ya kujiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge, mnamo 1861, aliibuka wa kwanza katika mtihani wa hisabati wa 1865. Chuo kilimpa nafasi ya usomi mwaka uliofuata, akaipoteza 1871 alipomwoa Evelyn Balfour, kwani kanuni za enzi hizo zilitaka msomi wa chuo awe kapera.

Hakuwa amekaa katika ndoa kwa muda mrefu alipougua homa ya baridi yabisi iliyonusurika kumuua. Ili kukwepa kipupwe cha kwao, alisafiri na mkewe hadi Misri mwishoni mwa 1872, wakapanda Mto Nile kwa mashua yenye vyumba vya kuishi. Humo ndimo, akiwa mbali na maktaba yoyote kubwa, alimoanza kuandika kitabu chake kuhusu nadharia ya sauti. Buku la kwanza lilitoka 1877 na la pili 1878.

Katika kazi hiyo, Rayleigh aliichukua nukta moja inayotikisa hewa kuwa chanzo sahili cha sauti. Nukta hiyo ikiwa peke yake, hutawanya sauti sawa pande zote. Zikiwekwa mbili karibu karibu, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, sauti zao hufutana upande ulio katikati yao na kusikika zaidi kwenye ncha mbili. Tayari sauti imepata mwelekeo.

Alionyesha pia kwamba bamba pana linalotikisika laweza kuhesabiwa kana kwamba ni nukta nyingi zilizopangwa bega kwa bega, kila moja ikitoa wimbi lake. Penye kukutana kwa mawimbi yanayokubaliana, sauti hupata nguvu, yanapopingana, hufifia.

Hapa ndipo akili ya kawaida hupotoka. Mtu hudhani kwamba mdomo mpana hueneza sauti kwa upana. Kumbe ni kinyume: mdomo ulio mpana kuliko urefu wa wimbi huelekeza sauti mbele kama kurunzi, na ulio mwembamba huitawanya. Ndiyo maana aliyesimama nyuma ya msemaji husikia mvumo mzito wa sauti yake, ambao mawimbi yake hufikia mita kadhaa, lakini hupotewa na herufi kama "s", ambayo mawimbi yake ni ya sentimita chache tu na huzuiwa na kichwa.

Sikio nalo halikumponyoka. Katika makala ya 1907 alieleza kwamba binadamu hutambua inakotoka sauti nzito kwa tofauti ndogo ya wakati mawimbi yanapofikia masikio mawili, na ile nyembamba kwa kivuli kinachotupwa na kichwa.

Kati ya 1879 na 1884 aliongoza Maabara ya Cavendish mjini Cambridge, akimrithi James Clerk Maxwell, kisha akarejea kwake Terling. Tuzo ya Nobel ya Fizikia aliyopewa 1904 haikuhusu sauti, bali kuchunguza uzito wa gesi na kugundua agoni, kazi aliyoshirikiana na William Ramsay. Fedha za tuzo hiyo alikipa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Lakini mabaharia walinufaika na upande mwingine wa akili yake. Tangu 1896 alikuwa mshauri wa sayansi wa Trinity House, taasisi inayosimamia minara ya taa nchini Uingereza. Kwa kufuata hesabu zake, alipendekeza baragumu lenye mdomo mrefu kwenda juu na mwembamba kwenda kando, ili mlio uenee baharini kushoto na kulia badala ya kupotea angani. Baragumu la aina hiyo lilijaribiwa 1901 katika mnara wa St Catherine's, kisiwani Wight.

Hesabu hizo bado zinatumika. Mhandisi anayeiga mawimbi ya sauti kwa tarakilishi hukabiliwa na ugumu uleule: nukta moja ndani ya programu hutawanya sauti pande zote, ilhali kipaza sauti au kinywa cha mtu hakifanyi hivyo. Njia mojawapo ni kupanga nukta nyingi na kuipa kila moja nguvu na wakati wake, hadi jumla yao ielekee inakotakiwa. Kanuni yake ya bamba hutumiwa pia kubuni vifaa vya mawimbi ya sauti vinavyopiga picha ya mtoto tumboni.

Rayleigh aliaga dunia Juni 30, 1919 akiwa na umri wa miaka 76, baada ya kuchapisha makala zaidi ya 400 za kisayansi. Mwanawe Robert, aliyerithi cheo chake na ambaye pia alikuwa mwanafizikia, alichapisha wasifu wa babake mnamo 1924.