Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Zanzibar aliyetia nanga New York

GIHOSHA, Bujumbura – Wapenzi wa sinema za kihistoria huenda wameitazama filamu ya mwaka 1995, Jefferson in Paris, kuhusu miaka ambayo Thomas Jefferson aliiwakilisha Marekani nchini Ufaransa. Nusu karne baada ya miaka hiyo, mjumbe mwingine alisafiri kuelekea Marekani yenyewe, akitokea Zanzibar.

Ahmad bin Na'aman alikuwa katibu wa Seyyid Said, Sultani aliyetawala Oman na Zanzibar. Mwaka 1833 Sultani huyo alikuwa ametia saini mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Ili kuuimarisha, alimkabidhi katibu wake merikebu iitwayo Sultana, ikiwa na pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi.

Tarehe 30 Aprili 1840 Sultana ilitia nanga New York. Wakazi walimiminika bandarini kumwona mgeni mwenye kilemba. Wakuu wa jiji walimkirimu, wakamwagiza mchoraji Edward Mooney achore sura yake, na jeshi la wanamaji likaikarabati merikebu iliyochakazwa na safari.

Zawadi za Sultani, miongoni mwake farasi wawili na lulu, zilimtia Rais Martin Van Buren katika mashaka, kwani katiba ilimzuia kuzipokea bila idhini ya Bunge. Bunge liliamua zipokewe kwa niaba ya taifa. Hivyo heshima ya Sultani ikalindwa, na sheria ya wenyeji nayo haikuvunjwa.

Mwezi Agosti mjumbe alianza safari ya kurudi. Miongoni mwa bidhaa alizobeba ni kitambaa cha pamba ambacho Waswahili walikiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Kitambaa hicho ndicho misafara ya biashara ilichokitumia badala ya fedha, kutoka pwani hadi Ujiji, kwenye ziwa hilihili la Tanganyika linalopakana na Bujumbura. Njia hizohizo ndizo zilizokileta Kiswahili hadi mwambao wetu.

Lakini biashara hiyo ilikuwa na upande wa giza. Pamba ya Marekani ililimwa na watumwa, na mashamba ya karafuu ya Zanzibar vilevile. Jefferson naye, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa. Uungwana wa mabalozi haukuwafikia waliotoa jasho lao.

Ahmad bin Na'aman alifariki mwaka 1869. Picha yake imesalia. Kwa msikilizaji wa Buyenzi au Rumonge, maisha yake ni ushahidi kwamba Kiswahili anachozungumza kilifika hapa kwa njia iliyounganishwa na dunia nzima. Fahari ya historia hiyo ni yetu, na deni lake pia ni letu kulikumbuka.