Kipimo cha Pap kilitoka kwa jamaa aliyewahi kuuza mazulia

Ukisikia nesi akitaja kipimo cha Pap, usidhani hilo ni neno la Kilatini. Ni kipande cha jina la mtu: George Papanicolaou. Ukiyasikia maisha yake, utawakumbuka mabeste wako kadhaa.

Alizaliwa 1883 mjini Kymi, Ugiriki, babake akiwa daktari. Naye akasomea udaktari Athens, akamaliza 1904, kisha akapata shahada ya uzamifu Munich, Ujerumani, 1910. Makaratasi yote hayo! Lakini alipotua New York 1913 na mkewe Mary, mfuko ulikuwa mwepesi na Kiingereza hakipandi. Daktari mzima akaenda kuuza mazulia dukani, mkewe akishona vifungo. Hasla ni hasla.

Baadaye alipata kazi ya maabara katika chuo cha matibabu cha Cornell. Huko alichunguza kwa hadubini majimaji ya ukeni ya simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara. Kisha akahamia kwa binadamu. Mary ndiye aliyejitolea kupimwa, tena kwa miaka mingi, huku akimsaidia kazini bila mshahara. Kwa hivyo shika na jina lake pia.

Kwenye sampuli za wanawake wagonjwa, George akaona seli za saratani ya lango la uzazi. Mwaka wa 1928 akatangaza hayo Battle Creek, Michigan. Unadhani walimpigia makofi? Wapi! Walimpuuza. Akarudi maabara, akakaza. Mwaka wa 1941, yeye na daktari Herbert Traut wakachapisha ushahidi, na sasa watu wakasikiza. Kipimo kilipoenea Marekani, vifo vya saratani hiyo vilishuka sana. Papanicolaou alifariki Februari 1962.

Sasa shida iko hapa: kipimo chake kinataka maabara na mtaalamu wa kusoma seli. Mashinani vitu hivyo ni adimu, na mama akiambiwa arudi wiki zijazo kuchukua majibu, nauli inamshinda.

Ndiyo maana nchi nyingi zisizo na pesa, Kenya ikiwemo, hutumia pia asidi ile ile iliyo kwenye siki ya chipsi, ikiwa imepunguzwa makali. Nesi hupaka lango la uzazi, hungoja kama dakika moja, na sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe. Majibu ni hapo hapo, na mara nyingi hata matibabu hufanywa siku hiyo hiyo. Lakini usijaribu nyumbani. Anayejua kuangalia ni nesi aliyefunzwa, na hata yeye wakati mwingine weupe humdanganya.

Saratani hii huchukua miaka mingi kukomaa, na mwanzoni haiumi. Usingoje uchungu. Kama wewe ni dada wa miaka 25 kwenda juu, ulizia kliniki iliyo karibu. Kama wewe ni kijana wa kiume, muulize mathe alipimwa lini, kisha umtafutie nauli.