Károly Takács: mukono wa kuume uliharibika, akalenga na wa kushoto

Ndugu watumishi, na ninyi mama na watoto wa kambi, leo tunasimulia maisha ya soda mumoja wa Hungaria, jina lake Károly Takács. Hakuwa mutu wa mugodi. Lakini kila mwenye ndugu aliyeacha kidole ao mukono kazini ataona juu ya nini tunamukumbuka.

Takács alizaliwa tarehe 21 Januari 1910, katika muji wa Budapest. Aliingia jeshi, akafika cheo cha sajenti. Kipaji chake kilikuwa kupiga bastola ya mashindano. Mwaka 1936, wakati wa Olimpiki ya Berlin, alikuwa kati ya wapigaji wazuri kabisa wa inchi yake, lakini walimukatalia kwenda. Si juu alikosa shabaha. Nafasi ile ilikuwa ya maofisa tu, na yeye alikuwa sajenti. Sisi watumishi tunajua habari ya namna ile. Kisha Berlin amri ile ikaondolewa, naye akaanza kujitayarisha kwa Olimpiki ya 1940.

Mwaka 1938, katika mazoezi ya jeshi, grenadi mbovu ikapasuka mukononi mwake. Ulikuwa mukono wa kuume, njo ule ule wa kupigia. Alilala hospitali mwezi muzima. Watu wote wakasema: huyu amekwisha.

Tuelewe kwanza kitu gani kilipotea. Bastola ya mashindano inashikwa na mukono mumoja tu. Juu yake kuna alama mbili za kulengea: kijiti mbele, na nyuma kipande kidogo chenye pengo. Jicho linaweka kijiti katikati ya pengo, vichwa vyao viwe sawa, mwanga sawa huku na huku. Angalia kile kipande cha nyuma. Kama kina visi mbili, kinarekebishwa: visi moja inakipeleka kuume na kushoto, ingine inakipandisha na kukishusha. Kama hakina visi, kimefungwa pahali pake, turnevisi haina kazi pale.

Sheria yake ni rahisi: kipande cha nyuma unakisogeza upande ule unaotaka risasi iende. Risasi zikianguka kushoto, kisogeze kuume. Zikianguka chini, kipandishe. Kijiti cha mbele ni kinyume. Lakini risasi moja ikikosa, usikimbilie visi. Piga kwanza tano ao kumi. Matundu yakikusanyika pamoja, lakini mbali na katikati, kosa ni la kilengeo: rekebisha. Yakitawanyika huku na kule, kosa ni la mukono: rudia mazoezi.

Tena kila mukono una namna yake. Bastola moja ikishikwa na watu wawili inaweza kupiga pahali pawili. Basi mutu anayehamia mukono wa kushoto anaanza karibu na sifuri: kushika, kupumua, jicho, kidole cha kufyatulia. Kazi ile Takács aliifanya kwa siri, peke yake, bila kuambia wenzake.

Mwaka 1939 akatokea kwenye mashindano ya bastola ya inchi yake. Wenzake wakafikiri amekuja kuwatazama na kuwasalimu. Akapiga na mukono wa kushoto, akawashinda bote. Mwaka ule ule alikuwa ndani ya timu ya Hungaria iliyoshinda dunia nzima.

Kisha vita ikaja. Olimpiki ya 1940 ikafutwa, ya 1944 pia. Alingojea mpaka London, mwaka 1948, akiwa na miaka 38. Mashindano yake yalikuwa ya kupiga haraka, mita 25: shabaha tano zimepangwa musitari, risasi moja kwa kila moja, kwanza kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Jumla risasi 60. Wanasimulia kama bingwa wa dunia, Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimuuliza amekuja kufanya nini. Takács akajibu kwa upole kwamba amekuja kujifunza. Akapata pointi 580 juu ya 600, rekodi ya dunia na medali ya zahabu. Mwargentina alikuwa wa pili, akakubali kwamba huyu mwanafunzi amejifunza vya kutosha.

Mwaka 1952, kule Helsinki, Ufini, alishinda tena akiwa na miaka 42. Alipata pointi 579, moja tu zaidi ya Szilárd Kun, Muhungaria mwenzake. Hakuna mutu mbele yake aliyeshinda mashindano yale mara mbili. Mwaka 1956 alikwenda Melbourne, akawa wa nane. Alifundisha wengine, akafika cheo cha luteni-kanali, akafariki Januari 1976.

Ndugu, tusitumie habari hii vibaya. Nimeona wakubwa wa kazi wanaosifu mashujaa kama huyu, halafu wanamuambia aliyeumia ajikaze tu, kama vile juhudi yake inafuta haki yake. Kumbuka: kile kilichomuharibu Takács kilikuwa kifaa kibovu, si uvivu wake. Tena jeshi halikumufukuza. Lilimuacha na kazi, na cheo kikapanda. Juhudi ilikuwa yake, nafasi alipewa.

Basi ajali ikitokea kwetu, tufanye kama mulengaji mwenye akili. Tusiseme mbio kwamba mukono wa mutumishi njo wenye kosa. Tuangalie matundu yameanguka wapi. Ajali zikikusanyika pahali pamoja, kwenye mashine moja, kwenye ngazi moja, kuna kitu pale cha kurekebisha. Na yule aliyeumia apewe matunzo, wakati wa kujifunza, na kazi ingine anayoweza. Mutu aliyepoteza mukono hajakwisha, paka kama sisi wenyewe tumemumaliza.