Musa Mwariama, Jemadari Aliyetoka Msituni Mwisho

Kwetu huku pwani likitajwa jina la Meru, mawazo ya watu huenda moja kwa moja kwenye miraa. Lile bunda lililoviringwa kwa majani ya mgomba ndilo limekuwa balozi wa Wameru katika mabaraza yetu tangu zamani, na wengi wetu hatujataka kujua zaidi ya hapo. Leo nawaomba wasomaji tuliweke bunda hilo kando kidogo. Milima ile ya Nyambene inayotupa miraa ndiyo iliyompa Kenya mtu mmoja ambaye serikali ya Kiingereza, pamoja na ndege na mizinga yake, haikuweza kumtia mkononi mpaka bendera yake ikateremshwa.

Musa Mwariama alizaliwa mwaka 1928 huko Muthara, katika nchi ya Tigania. Sisi tuliopita chuoni tukilisikia jina la Musa mara hutujia kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliyekimbia nchi yake akakaa miaka Madyan akichunga mifugo ya watu, kabla hajarudi kumkabili Firauni. Kumlinganisha mtume na mtu wa kawaida si adabu, wala sifanyi hivyo. Nasema tu kwamba jina hili lilimwangukia mtu ambaye naye ujana wake uliishia ugenini, ingawa ugeni wake haukuwa mbali na nyumbani. Siku ya hewa safi angeweza kuuona moshi wa majiko ya kwao.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na vijana kwa maelfu wakaingia misituni. Upande wa Mlima Kenya mpangaji mkuu wa mwanzo alikuwa Waruhiu Itote, aliyejiita Jenerali China, mtu wa Nyeri aliyekuwa amepigana Burma katika jeshi la King's African Rifles. Mafunzo aliyopewa na Waingereza aliyageuza dhidi yao. Alikamatwa Januari 1954 akiwa na jeraha la risasi shingoni. Embu walikuwa na Kubukubu wao, naye akauawa vita vikiendelea. Meru walikuwa na Baimungi na huyu Mwariama, ambaye mwishowe alifikia cheo cha jemadari mkuu.

Lakini jemadari hawi jemadari bila askari wa chini, na ukitaka kuyafahamu maisha ya Mwariama lazima uyajue maisha ya kambi. Mpiganaji wa kawaida aliitwa itungati. Makao yake yalikuwa kwenye ukanda wa mianzi, ambako mvua na ukungu havina msimu. Mimi nilipofika miteremko ile mara ya kwanza, nikiwa na koti na blanketi, na chini kabisa ya msitu wenyewe, usingizi ulinikataa kwa baridi. Hawa walilala hapo miaka, juu ya majani, wakivaa ngozi za wanyama walizozishona wenyewe baada ya nguo kuwararukia mwilini. Nywele hazikukatwa, zikasokotana mpaka mabegani.

Moto uliwashwa kwa hesabu. Kuni zilichaguliwa kavu zisizotoa moshi, na chakula kikapikwa usiku au kabla ya mapambazuko, maana mchana ndege zilizunguka juu zikitafuta uzi mmoja tu wa moshi. Chakula cha mwanzo kilitoka vijijini: unga, maharagwe na viazi vilivyobebwa na kina mama usiku. Kilipokwisha waliingia kwenye asali na mitego. Kwa Wakikuyu waliokuwa pamoja nao hili lilikuwa zito, kwani mila yao iliikataa nyama ya porini. Njaa ikawafundisha kula walichokuwa wakikikataa, jambo ambalo hata sheria yetu inamruhusu aliyeshikwa na dharura.

Silaha ndizo zilizonishangaza zaidi. Wachache tu walikuwa na bunduki za kweli, zilizoporwa. Waliobaki waliundiwa na mafundi wa msituni: bomba la maji likawa mtutu, kipande cha mti kikawa kitako, kitasa cha mlango kikawa nyundo, na ukanda wa mpira ukaivuta nyundo hiyo mpaka kwenye risasi. Ilipiga risasi moja, na mara nyingine ilimlipukia mwenyewe usoni. Wengine walikuwa na panga tu.

Waliwafanya ndege na nyani kuwa walinzi wao, kwa sababu wanyama hawa hupiga kelele akija mgeni. Pua nazo zikawa kali. Askari wa serikali aliyeoga kwa sabuni au kuvuta sigara alinuka kabla hajaonekana. Na jioni watu walisimama wakiwa na udongo mkononi, wakauelekea mlima, wakamwomba Mungu wa baba zao. Udongo ule ulikuwa na maana yake, kwa kuwa vita vyote vilikuwa vya ardhi.

Sasa niseme neno ambalo wengine hawapendi kulisikia. Vita hivi vinaitwa vya Mwafrika na Mzungu, na kweli chanzo chake kilikuwa hicho. Hata hivyo walowezi wa Kizungu waliouawa walikuwa 32, ilhali raia Waafrika waliouawa na wapiganaji walikuwa kiasi cha 1,800, na wapiganaji waliokufa walipita 11,000. Watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Aliyekuwa akiwasubiri itungati ukingoni mwa msitu mara nyingi alikuwa mwana wa jirani, aliyevaa kitambaa cha walinzi mkononi. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuwa mmoja ndani ya boma la walinzi na mwingine porini. Mimi sioni jina jingine la kuviita vita vya namna hiyo isipokuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Wakoloni waliona kwamba msitu hauvunjwi kwa mabomu. Ndege kubwa za Lincoln ziliyamwaga, yakaua tembo na mbogo kuliko watu. Kilichouvunja ni njaa. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, na Waembu na Wameru miongoni mwao, walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu, likachomekwa mianzi iliyochongwa kama mikuki. Wale kina mama waliokuwa wakipeleka unga ndio walioshikishwa majembe kuichimba njia ya njaa ya watoto wao. Mwaka 1955 jeshi likaupiga mlima tena, na wapiganaji waliojisalimisha wakarudishwa msituni kuwasaka wenzao.

Na hapa pana jambo linalotugusa sisi wa pwani kwenye sinia. Waliokamatwa wengi walipelekwa kambi za Mwea, wakati huo ikiwa wilaya ya Embu, na mikono yao ndiyo iliyochimba mifereji ya mwanzo ya mashamba ya mpunga. Mchele wa pishori tunaoupikia biriani kwenye harusi zetu umetokana na mifereji hiyo. Wengine waliletwa mpaka kwetu, kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu.

Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 akanyongwa Februari 1957. Wengi walihesabu kwamba mambo yamekwisha. Mwariama hakuhesabu hivyo. Na mabaki ya watu wake alizunguka kati ya Mlima Kenya na Nyambene, hali ya hatari ikaondolewa mwaka 1960 naye yumo, ukaja uchaguzi, ikaja serikali ya ndani, naye yumo. Alitoka Desemba 1963, nchi ikiwa huru. Picha yake na Mzee Kenyatta ya siku hizo imezunguka dunia: mmoja ni kiongozi wa dola, mwingine ana nywele za miaka kumi.

Baimungi naye alitoka. Alipoona suala la ardhi haliendi kama walivyolitarajia, alirudi msituni, na Januari 1965 akauawa na askari wa serikali ya Kenya huru. Mwariama alibaki nje. Watu wa Meru wangali wakibishana ni nani kati ya wawili hao aliyeona mbali, na mimi mgeni siingii ndani ya ubishi huo. Ila nakiri kwamba kila nikiitazama ile picha, jicho langu huenda kwa yule asiyekuwamo.

Mwariama aliishi kama raia hadi alipofariki mwaka 1989. Siku aliyozikwa, sheria ya kikoloni iliyokipiga marufuku chama cha Mau Mau ilikuwa bado imo katika vitabu vya Kenya. Iliondolewa mwaka 2003.